Moto wa Nyumbani: Kutoka Mafiga Matatu hadi Jiko la Indaksheni



 

Wiki chache kabla ya Ramadhani, kijana wetu anayesoma Kampala alikuja nyumbani hapa Jinja akiwa amebeba katoni kwapani. Ndani mlikuwa na jiko la umeme, bapa kama ubao wa kuandikia, uso wake kioo cheusi kitupu. Akasema, "Hili halina moto, lakini linachemsha maji." Bibi yake, ambaye watoto wanamwita jajja kama ilivyo desturi ya huku, akamtazama kwa muda kisha akauliza, "Kama halina moto, linachemsha kwa nini, mjukuu wangu?" Mama watoto naye akauliza swali lililo gumu zaidi: "Sasa ndiyo tunaacha mkaa?"

Siku ile hatukuwa na jibu la swali lolote kati ya hayo mawili. Nasi walimu tukikwama huwa tunarudi kwenye historia, basi tukarudi huko.

Jiko la kwanza la watu wa Busoga na Buganda, kama lilivyo la watu wa mwambao, ni mafiga matatu na kuni katikati. Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara Mwarabu aliyefika kwa Kabaka Suuna II mwaka 1844 na kumsomea habari za Mwenyezi Mungu Mmoja, bila shaka alipikiwa juu ya mawe kama hayo, na wapagazi wa misafara iliyomfuata walipika hivyo hivyo kila walipotua mizigo. Mafiga yana sifa zake. Hayanunuliwi, na yakisogezwa kidogo hubeba chungu cha ukubwa wowote. Hadi leo, pakiwa na maulidi au harusi, hakuna jiko la dukani linaloweza kubeba sufuria ya pilau ya watu mia mbili. Ila yana aibu moja, nayo ni moshi.

Tusidhani kwamba malalamiko ya moshi yameanza na semina za afya za siku hizi. Katika karne ya 10 ya Miladia, Ibn Sayyar al-Warraq wa Baghdad aliandika Kitab al-Tabikh, kitabu cha mapishi zaidi ya 600. Kabla ya kufika kwenye nyama na halua anazungumzia vyombo na jiko lenyewe. Jiko analolieleza limejengwa kwa kimo cha nusu ya mtu, lina tundu la kuingizia hewa na njia ya kutolea moshi. Hebu fikirini. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita Mwislamu mmoja alikaa chini akaandika kwamba mpishi asivunjike mgongo wala asilie machozi ya moshi, na sisi leo tuna akina mama wanaochuchumaa nyuma ya nyumba wakipuliza kuni mbichi. Elimu ilikuwepo. Haikushuka jikoni, labda kwa sababu waliokuwa wakisoma vitabu hawakuwa ndio wanaopika.

Baadaye likaja sigiri. Neno hili tunalolitumia kila siku lina asili ya India, na jiko lenyewe la bati la kuchomea mkaa lilienea Afrika Mashariki pamoja na Wahindi waliokuja kujenga reli na kufungua maduka, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Mkaa hauna moshi mwingi kama kuni, huhifadhika kwenye gunia, na sigiri hubebeka. Kwa hiyo mjini likashinda. Miaka ya 1980 wenzetu wa Kenya wakaliongezea kikombe cha udongo ndani ili lisipoteze joto, nasi tukaiga. Jiko la mafuta ya taa la kupampu, ambalo asili yake ni Uswidi mwaka 1892, lilipita majumbani mwetu na harufu yake, na wengi hatulikumbuki kwa heri. Gesi ya mtungi inatumika kwa wenye uwezo.

Lakini kisa cha ajabu zaidi ni cha umeme, na sisi wa Jinja ndio tunaostahiki kukisimulia, kwa kuwa kimetokea mlangoni petu.

Mwaka 1907 Mwingereza Winston Churchill alipita hapa, akasimama kwenye maporomoko ya Ripon ambako Nile inatoka ziwani, na katika kitabu alichokitoa mwaka uliofuata akaandika juu ya nguvu ile ya maji inayopotea bure. Ilichukua miaka 40. Mwaka 1948 ikaundwa Bodi ya Umeme ya Uganda, ujenzi wa bwawa la Owen Falls ukaanza, na tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth wa Pili akaja kulifungua. Maporomoko ya Ripon yakazama chini ya maji. Bwawa lilipangiwa mitambo 10 ya megawati 15 kila mmoja. Umeme ule ulikwenda kwenye kiwanda cha nguo, ukaenda kuyeyusha shaba ya Kilembe, na kwa makubaliano ya mwaka 1955 Kenya ikaahidiwa megawati 30 kwa miaka 50. Nyaya zikavuka mpaka kuelekea Nairobi.

Na jikoni kwetu? Bibi yetu aliishi akisikia ngurumo ya bwawa usiku kukiwa kimya, akafa akipika kwa mkaa. Hakuwa peke yake. Hata nyumba zilizobahatika kuvutiwa waya, umeme uliingia kama taa, kisha redio, kisha pasi. Jikoni uliishia kwenye birika la chai, tena la wageni.

Tumeulizana sana sababu yake. Wako wanaosema watu wetu hawapendi mabadiliko. Sisi hatukubaliani nao. Mtu yule yule aliyetoka kwenye mafiga akaenda kwenye sigiri bila kuhimizwa na serikali, atashindwaje kuhamia kwenye umeme kama una faida naye? Sababu zilikuwa tatu, na kila mama wa nyumba angeweza kuzitaja: bei, kukatika, na sufuria.

Tuanze na kukatika. Wasomaji wa umri wetu wanakumbuka mwaka 2005 na 2006, maji ya ziwa yaliposhuka sana na mgawo wa umeme ukawa wa kulala giza siku moja na kuamka na taa siku ya pili. Mwaka ule ule wa 2005 usambazaji ulikuwa umekabidhiwa kampuni iliyobeba jina la Kiswahili kabisa, Umeme, na Waganda ambao hawakuwa wakijua neno hilo wakajifunza maana yake gizani. (Kampuni hiyo ilimaliza mkataba wake wa miaka 20 tarehe 31 Machi 2025, na kazi ikarudi kwenye shirika la serikali.) Nani angeuza sigiri lake katika hali ile? Tangu hapo limejengwa bwawa la Bujagali la megawati 250 lililokamilika 2012, Isimba la megawati 183 mwaka 2019, na Karuma la megawati 600 lililozinduliwa 2024. Umeme wa nchi umekuwa mwingi kuliko matumizi. Nguzo na transfoma za mitaani ni habari nyingine. Mvua ikipiga mtaani kwetu, bado tunajua kitakachofuata.

Ndipo ikaja bei. Kwa kuwa umeme ulizidi, mwaka 2022 mamlaka ya udhibiti iliweka bei ya kupikia: mwenye nyumba akishavuka uniti 80 katika mwezi, uniti za kuanzia 81 hadi 150 zilitozwa shilingi 412, wakati uniti zilizotangulia zilikuwa zaidi ya 700, ukiacha zile 15 za mwanzo za mnyonge zilizokuwa 250. Bei hizi hupitiwa kila robo ya mwaka, kwa hiyo kila mmoja atazame risiti yake. Tunachotaka mwanafunzi aone ni namna ilivyopangwa. Punguzo linampata anayetumia umeme mwingi tayari. Familia ya taa mbili na redio, inayotumia uniti 30 kwa mwezi, ikianza kupika kwa umeme itapika kwa ile bei ya juu mpaka ivuke 80. Hesabu hii imefanywa na watu ambao nyumbani kwao kuna friji.

Mkaa nao ukapanda. Mwezi Mei 2023 Rais alipiga marufuku biashara ya kuchoma mkaa katika wilaya za kaskazini, ambako miti ilikuwa imeteketezwa na malori kubeba magunia usiku. Sababu ilikuwa ya haki. Lakini bei ililipwa na mama anayenunua mkaa kwa kopo.

Sasa turudi kwa jajja na swali lake. Tarehe 29 Agosti 1831, miaka 13 kabla Ahmed bin Ibrahim hajafika Buganda, Michael Faraday alikuwa London na pete ya chuma aliyoizungushia nyaya mbili zisizogusana. Alipopitisha umeme katika waya mmoja, sindano iliyounganishwa na waya wa pili ikacheza. Tunapenda kuwaambia wanafunzi wetu kwamba mtu huyu hakwenda chuo kikuu. Alikuwa kijana wa kujalidi vitabu, akawa anavisoma kabla ya kuvishona. Alichokiona ni kwamba sumaku inayobadilika huzaa umeme ndani ya chuma kilicho karibu bila kukigusa. Hiyo ndiyo indaksheni.

Katika jiko hili, chini ya kioo kuna waya wa shaba uliozungushwa duara. Umeme unapita humo ukigeuka mwelekeo zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde, sumaku yake inabadilika pamoja nao, na ndani ya kitako cha sufuria unazaliwa mkondo wa umeme unaozunguka. Chuma huuzuia mkondo huo, na katika kuuzuia hupata joto. Kwa hiyo, jajja, moto uko ndani ya sufuria yenyewe. Na kule bwawani kanuni ni ile ile: maji yanazungusha sumaku katikati ya nyaya na umeme unazaliwa. Faraday yuko kwenye mtambo wa Owen Falls, ambao tangu mwaka 2000 unaitwa Nalubaale, na yuko tena chini ya uji wetu.

Miaka ya 1950 kampuni ya Frigidaire ya Marekani ilizunguka ikiwaonyesha watu jiko la namna hii kwa kuweka gazeti kati ya jiko na sufuria. Maji yakachemka na gazeti lisiungue. Miaka ya 1970 Westinghouse wakaanza kuliuza, kwa bei ya tajiri. Nasi tulijaribu lile la gazeti, tukihakikisha kwanza kwamba ukurasa hauna jina la Allah, na tukisimama hapo hapo tusiliache. Maji yakachemka. Watoto wakapiga takbiri.

Furaha ikaishia kwenye sufuria ya pili. Tulileta sufuria kubwa ya kila siku, ya alumini kama zilivyo karibu zote majumbani mwetu, jiko likalia pi-pi-pi na kuzima. Likaletwa la chapati, nalo la alumini, vile vile. Sumaku haishiki alumini. Kuna kichekesho ndani yake: alumini ilikuwa madini ya wafalme mpaka mwaka 1886, Hall wa Marekani na Héroult wa Ufaransa walipogundua, kila mmoja peke yake, namna ya kuitoa kwa nguvu ya umeme. Umeme ndio ulioileta sufuria ya bei rahisi, na sufuria hiyo sasa inalikataa jiko la umeme. Hata neno sufuria asili yake ni Kiarabu, lina maana ya chombo cha shaba, na shaba nayo jiko hili haliitambui.

Jajja akaingia chumbani, akatoka na sufuria yake ya zamani, ya chuma kilichopakwa enameli nyeupe yenye maua mekundu, iliyobanduka ukingoni. Alikuwa ameiweka miaka mingi kama kumbukumbu ya mumewe. Ikakubali mara moja. Anayetaka kujua vyombo vyake achukue sumaku ndogo, hata ya spika mbovu, aijaribu kwenye kitako. Ikinasa barabara, sufuria itafaa. Mwenye sufuria za alumini tupu aongeze bei ya sufuria mpya kwenye bei ya jiko kabla ya kuamua, maana muuzaji hatamwambia.

Tulipima pia maharage, kilo moja iliyorowekwa usiku kucha. Kwenye mita ya malipo ya kabla, wenyewe tunaiita Yaka, ilikwenda uniti moja na kidogo. Kwenye sigiri tulikuwa tukinunua mkaa wa shilingi 2,000 kwa maharage hayo hayo. Hatukushangaa sana baada ya kusoma, kwani sigiri la bati hupeleka chunguni chini ya robo ya joto la mkaa wake, na jiko hili hupeleka kiasi cha asilimia 85. Lakini maharage yasiyorowekwa yaliumiza, na siku tuliyoyaacha yakichemka kwa nguvu kubwa kwa kusahau, faida yote ilipotea. Tahadhari nyingine: jiko la wati 2,000 si la kuchomekwa kwenye waya wa kuunganisha wa bei rahisi. Wetu uliyeyuka plagi jioni ya pili, harufu ikafika barabarani. Fundi akatuwekea soketi yake peke yake yenye waya mnene. Na mzee aliyewekewa kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo amuulize daktari wake kwanza.

Upande wa dini tuliulizwa na jirani kama kuna neno. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku na waliokuwamo, na Mtume (s.a.w.) akaamrisha tuzime moto tunapolala. Imam Nawawi, katika kuisherehesha Sahih Muslim, anasema amri hiyo inaenea moto wa aina zote, kisha akaeleza kuhusu taa za kuning'inia misikitini: ikihofiwa kwamba zitaunguza, zimo ndani ya amri, na pakiwa na amani nazo hakuna ubaya, kwa sababu ile sababu imeondoka. Kipimo hicho kinatosha kwa majiko yetu. Sigiri linaloingizwa chumbani msimu wa mvua ili wototo wasione baridi limo ndani ya amri moja kwa moja, tena hata bila kuunguza godoro, kwa sababu hewa ya mkaa huua watu usingizini na haina harufu. Kuhusu moshi wa mchana, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, kubwa lake likiwa la kupikia, iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020.

Tukakaa kuamua. Sisi tulikuwa na daftari la uniti na shilingi. Mama watoto akalisoma, akalifunga, akasema, "Maalim, wewe umehesabu uniti. Mimi nahesabu saa. Daku ya saa kumi na moja, sigiri naliwasha saa tisa. Hilo umeliandika wapi?"

Hatukuwa tumeliandika. Wala hatujaliona katika kitabu chochote cha historia ya bwawa lile. Megawati zimo, wageni wa heshima wamo, na saa ya kuamka ya anayepuliza makaa haimo. Tukakumbuka pia ile hadithi ya Bibi Aisha (r.a.), kwamba miezi ilikuwa ikiandama katika nyumba za Mtume (s.a.w.) bila moto kuwashwa, wakiishi kwa tende na maji. Sisi tunaotaka uji, viazi na chai ya maziwa usiku wa manane tumemwachia mtu mmoja aamke kwa ajili ya matumbo yetu.

Uamuzi ukawa wake. Jiko la kioo libaki kwa daku, uji, chai, wali mdogo na maharage yaliyorowekwa. Sigiri libaki nyuma ya nyumba, kwa siku za kukatika umeme, kwa nyama ya kuchoma, na kwa pilau ya Iddi, ambayo anasema haiwi pilau bila makaa juu ya mfuniko, na jambo hilo hakuruhusu lijadiliwe. Chapati zitasubiri mpaka tupate kikaango cha chuma. Ukiangalia historia yote tuliyoisimulia, hivyo ndivyo ilivyokuwa kila mara: mafiga hayakuondoka sigiri lilipokuja.

Mwezi mzima wa Ramadhani sufuria ya maua mekundu haikurudi chumbani. Mama watoto aliamka saa kumi, mara nyingine na robo. Gunia la mkaa tulilolinunua Shaabani lilifika Shawwal likiwa limebaki nusu.

Wabillahi tawfiq.